Saketi Iliyoikomboa Tepu

Historia ya kinasa sauti cha tepu huandikwa kwa majina ya viwanda: AEG, BASF, EMI, Ampex. Viwanda hivyo vinastahili sifa yao. Lakini ukiifuata mashine yenyewe mwaka hadi mwaka, utaona kwamba hatua zake kubwa zaidi hazikuanzia kiwandani. Zilianzia mezani kwa mtu aliyeipokea mashine ikiwa kamili, akaitumia kazini, hakuridhika nayo, akafungua kifuniko na kuzigusa waya za ndani. Wengi wao walikuwa mafundi wa redio, na hilo lina sababu. Redio haingoji mtu. Kipindi kina saa yake, na kasoro ambayo mnunuzi wa nyumbani angeivumilia, redioni husikika na maelfu ya watu kwa mpigo mmoja.

Waya wa chuma na mkondo mnyoofu, 1898–1935

Aliyeonyesha kwanza kwamba sauti yaweza kuhifadhiwa kwa sumaku ni Valdemar Poulsen, fundi wa simu wa Denmark. Alipata hataza mwaka 1898, na kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 chombo chake kilinasa sauti ya Franz Joseph, mfalme mkuu wa Austria, kwenye waya wa chuma. Rekodi hiyo ingalipo hadi leo. Ilikuwa hafifu mno, kwa kuwa ampilifaya zilikuwa bado hazijabuniwa, na aliyetaka kusikia ilimbidi abandike chombo sikioni.

Uhafifu ulikuja kutibiwa na vali za redio. Ugonjwa mwingine ulikuwa mgumu zaidi, nao ulikuwa katika tabia ya chuma chenyewe. Chembe za chuma hazitii amri ndogo. Ukizipa sumaku dhaifu, karibu hazitikisiki. Ukiongeza kidogo, zinageuka ghafla na kwa wingi. Ukizidisha, zinashiba na haziitikii tena. Kwa hiyo sauti laini inapotea, sauti kubwa inapotoka, na kinachosikika mwishoni hakifanani na kilichoimbwa. Poulsen na mwenzake Peder Oluf Pedersen walipata dawa ya kwanza: kupitisha mkondo mnyoofu katika kichwa cha kurekodia, ili chembe ziwe zimekwisha kusukumwa hadi pale ambapo huitikia kwa uwiano. Dawa ilikuwa na madhara yake. Waya au tepu iliyosukumwa upande mmoja daima hubaki na sumaku hata pale pasipo sauti, na sumaku hiyo husikika kama mchakacho usiokoma.

Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Dresden, Ujerumani, aliacha waya akapaka unga wa chuma juu ya ukanda wa karatasi. Kampuni ya umeme ya AEG ikanunua wazo lake, kiwanda cha IG Farben kule Ludwigshafen, ambacho ndicho BASF, kikatengeneza tepu ya plastiki, na Eduard Schüller akabuni kichwa cha umbo la pete ambacho hakikwaruzi tepu. Agosti 1935, kwenye maonyesho ya redio ya Berlin, mashine ya Magnetophon ikatokea hadharani. Ilikuwa mashine nzuri kwa kila kitu isipokuwa sauti.

Redio yainunua bila kuipenda, 1936–1939

Novemba 1936, okestra ya London Philharmonic chini ya Sir Thomas Beecham ilitumbuiza Ludwigshafen, na mafundi wakainasa kwenye tepu. Muziki unatambulika, lakini umefunikwa na mchakacho. Santuri za nta za wakati ule zilikuwa safi zaidi.

Hata hivyo, shirika la utangazaji la Ujerumani, Reichs-Rundfunk-Gesellschaft, yaani RRG, liliichukua Magnetophon mwaka 1938. Halikuvutiwa na usafi wa sauti. Lilitaka urahisi: tepu hukatwa kwa mkasi na kuunganishwa, huenda kwa dakika nyingi bila kubadilishwa, na hufutwa ikatumika tena. Isisahaulike RRG ilikuwa chombo cha nani. Lilikuwa shirika la dola ya Wanazi chini ya wizara ya propaganda ya Goebbels, na mashine inayoweza kurusha hotuba saa yoyote, kutoka mji wowote, ilikuwa silaha. Kazi bora ya kiufundi ilifanyika ndani ya chombo hicho, na hakuna njia ya kuisimulia bila kulitaja hilo.

Kwa takwimu, mashine ya mwishoni mwa miaka ya 1930 ilifika mizunguko kama 5,000 kwa sekunde, na tofauti kati ya sauti yake kubwa kabisa na mchakacho wake ilikuwa desibeli 40 hivi. Hiyo inatosha kwa hotuba. Kwa okestra ni msiba, kwa sababu filimbi inayopulizwa kwa upole huzama chini ya mchakacho.

Ampilifaya iliyojipigia mluzi, 1940–1941

Maabara ya RRG mjini Berlin iliongozwa na Hans-Joachim von Braunmühl. Kati ya wahandisi wake alikuwemo Walter Weber, aliyezaliwa mwaka 1907. Weber hakuajiriwa na AEG, wala hakulipwa kuibuni Magnetophon. Kazi yake ilikuwa kuifanya ifae studioni. Alijaribu njia mbalimbali za kuua mchakacho, akiunganisha ampilifaya na vichwa kwa mipango ambayo kiwanda hakikuwahi kuifikiria.

Katika majaribio hayo ya mwaka 1940, rekodi moja ilitoka safi ajabu. Mchakacho ulikuwa karibu umekwisha. Kwa mpango wa waya uliokuwa mezani, matokeo hayo hayakuwa na maelezo. Weber alipochunguza aligundua kwamba ampilifaya mojawapo ilikuwa na hitilafu. Ilikuwa ikitetema yenyewe kwa masafa ya juu sana, ambayo sikio la mwanadamu haliwezi kuyasikia, na mtetemo huo ulikuwa ukiingia kwenye kichwa cha kurekodia pamoja na muziki.

Hapa ndipo mtu anapopaswa kutua. Ampilifaya kujitetemesha ni jambo la kawaida kwa kila aliyewahi kushika chuma cha kulehemu. Fundi mwingine angeitengeneza hitilafu ile, akaona rekodi ile kuwa bahati, akaendelea na kazi. Weber alifanya kinyume: aliijenga upya hitilafu hiyo kwa makusudi. Aliunda saketi ya kutoa masafa ya juu kwa kiwango anachokitaka, akauondoa mkondo mnyoofu, akauweka mkondo geu mahali pake, kisha akapima kiasi gani kinafaa. Bahati ilimpa rekodi moja. Zilizofuata zote zilitokana na kudadisi kwake.

Ni nini kilichotokea ndani ya tepu? Mkondo geu wa masafa ya juu huzisukasuka chembe huku na huku mara maelfu kwa maelfu katika sekunde, kama mtu anayetikisa debe la mahindi ili punje zikae vizuri. Zikiwa katika mtikisiko huo, chembe hazina tena ukaidi wa mwanzo, na hata sauti laini kabisa hupata nafasi ya kuzipanga. Tepu inapoondoka kwenye kichwa, mtikisiko unapungua hatua kwa hatua hadi kwisha, na chembe zinabaki katika mpangilio ambao muziki umeuamuru. Pasipo na sauti, hakuna upande wowote uliopendelewa. Hapo ndipo mchakacho ulipokosa makao.

Haki inadai itajwe kwamba Weber hakuwa wa kwanza duniani. Wamarekani wawili wa jeshi la majini, Carlson na Carpenter, walikuwa na hataza ya jambo hilohilo tangu 1927, lakini walikuwa wakishughulika na ishara za simu za maandishi, na hakuna aliyeifuatilia. Nchini Japani Kenzo Nagai alilifikia mwishoni mwa miaka ya 1930, na huko Chicago Marvin Camras alilifikia kwa njia yake. Tofauti ni kwamba Weber alikuwa amekaa ndani ya shirika la redio lenye mamia ya saa za kujaza na okestra za kurekodi. Ugunduzi wake haukuhitaji kusubiri mteja.

Juni 10, 1941, mashine iliyobadilishwa ilionyeshwa hadharani katika ukumbi wa sinema wa Ufa-Palast am Zoo, Berlin. Sasa ilifika mizunguko 10,000 kwa sekunde, na desibeli zilipita 60. Gurudumu, mota na tepu vilikuwa karibu vilevile vya jana. Kilichobadilika kwa hakika kilikuwa ndani ya kasha la ampilifaya. AEG ikaiingiza saketi hiyo katika mashine zake, na mafundi wa RRG wakaenda mbali zaidi, wakarekodi muziki kwa njia mbili, kushoto na kulia. Rekodi chache za namna hiyo zimesalia. Mojawapo ni ya mpiga piano Walter Gieseking akipiga konseto ya tano ya piano ya Beethoven, na katika sehemu zake tulivu husikika mizinga ya kutungulia ndege.

Weber alifariki mwaka 1944, vita ikiwa bado haijaisha.

Vifurushi 35 kwenda San Francisco, 1944–1946

Upande wa pili wa bahari, ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Marekani, John Mullin, alikuwa akifanya kazi usiku nchini Uingereza, redio ikiwa wazi pembeni. BBC ikifunga matangazo, alitafuta kituo kingine, na cha Ujerumani kilikuwa kikirusha muziki wa okestra hata usiku wa manane. Mullin alikuwa mhandisi, na sikio lake lilishtuka. Hapakuwa na mkwaruzo wa sindano, wala pale ambapo santuri moja huishia na nyingine huanza. Alijiambia kwamba labda Hitler anazo okestra anazoweza kuziamrisha zipige usiku kucha.

Jibu alilipata Julai 1945. Alitumwa karibu na Frankfurt kuchunguza mitambo ya mlimani ambayo ilidhaniwa ilikusudiwa kuvuruga injini za ndege. Haikuwa na maana yoyote, lakini ofisa wa Kiingereza aliyekutana naye huko alimweleza juu ya mashine ya ajabu iliyokuwa katika studio ya redio huko Bad Nauheim. Mullin alikuwa ameshaziona Magnetophon za jeshi zenye mkondo mnyoofu na hakuzitia maanani. Alipofika njia panda, akageuza gari kuelekea Bad Nauheim. Aliposikia tepu ikipigwa hakuweza kutofautisha rekodi na okestra iliyo hai.

Alipiga picha michoro na maelezo yote. Mashine mbili akazifungua vipandevipande, akazituma nyumbani pamoja na tepu 50 kwa posta ya jeshi katika vifurushi 35.

Kisha ikaja awamu ya pili ya kufungua kasha. Huko San Francisco, akishirikiana na mtengenezaji filamu William Palmer, Mullin aliacha mota na magurudumu ya Kijerumani kama yalivyo, lakini upande wa umeme aliujenga upya kwa vipuri vya Marekani. Kwa hiyo mashine iliyoonyeshwa kwa wahandisi wa San Francisco tarehe 16 Mei 1946 ilikuwa nusu ya Berlin na nusu ya California. Kati ya waliokuja kusikiliza maonyesho yake alikuwa Harold Lindsay, ambaye baadaye kidogo alijiunga na kampuni ndogo iliyokuwa imetengeneza mota za rada wakati wa vita na sasa ikitafuta kazi. Kampuni hiyo iliitwa Ampex.

Mwimbaji aliyechoka kurudia kipindi, 1946–1948

Mashine nzuri bila mteja hubaki kwenye maonyesho. Mteja alikuwa Bing Crosby, mwimbaji aliyekuwa kipenzi cha redio ya Marekani. Mashirika makubwa ya utangazaji yalisisitiza vipindi viende moja kwa moja, na kwa kuwa kuna saa tatu kati ya pwani ya mashariki na ya magharibi, kipindi kilifanywa mara mbili siku hiyohiyo. Crosby alichoka. Aliondoka NBC akaenda ABC, ambako aliruhusiwa kurekodi kwenye santuri kubwa za inchi 16. Lakini kuhariri santuri maana yake ni kunakili kutoka moja hadi nyingine, na kila nakala huongeza mkwaruzo. Wasikilizaji wakasikia, wakapungua.

Agosti 1947 Mullin alialikwa kukirekodi kipindi cha kwanza cha msimu mpya. Kilirushwa Oktoba 1. Alikuwa na mashine zake mbili na tepu zake 50 za Kijerumani, hakuna nyingine Marekani nzima za kufaa, hivyo kila kipande kilichokatwa kwa mkasi kiliokotwa na kuunganishwa tena. ABC mwanzoni haikuiamini tepu kiasi cha kuirusha moja kwa moja. Ilihamisha kipindi kilichokamilika kwenye santuri ndipo ikarusha, kwa hofu ya tepu kukatika hewani.

Katika chumba hicho cha uhariri lilizaliwa jambo ambalo limeenea duniani kote tangu hapo. Mchekeshaji Bob Burns alisimulia hadithi zisizofaa kurushwa, ukumbi ukavunjika mbavu. Hadithi zikatupwa, vicheko vikawekwa, kisha vikabandikwa kwenye kipindi kingine ambacho vichekesho vyake havikuchekesha. Vicheko vya kubandika vya televisheni ni wajukuu wa kipande hicho cha tepu.

Crosby akaipelekea Ampex hundi ya dola 50,000, na Aprili 1948 mashine za kwanza za Model 200A zikatoka kiwandani. Mbili za mwanzo zilikwenda kwa Mullin, kumi na mbili zilizofuata kwa ABC. Nako Uingereza, kampuni ya EMI ilichunguza Magnetophon zilizotekwa na kutoa mashine yake ya BTR1. Ndani ya zote mlikuwemo mtetemo wa masafa ya juu ambao Weber aliukuta ukitoka kwenye ampilifaya mbovu.

Kichwa cha nne, 1949–1957

Mwaka 1949 Crosby alimpa rafiki yake, mpiga gitaa Les Paul, mashine ya Ampex. Les Paul alikuwa mtu wa redio na pia fundi wa kujifunza mwenyewe. Aliitazama mashine, akaona kile ambacho kiwanda hakikukiona.

Mashine ya kawaida ina vichwa vitatu kwa mpangilio: cha kufuta, cha kurekodi, cha kusoma. Les Paul aliongeza cha nne mbele ya kile cha kufuta. Tepu ikipita, kichwa kipya kiliisoma sauti ya zamani kabla haijafutwa. Sauti hiyo ilipelekwa kwenye kichanganyaji pamoja na gitaa jipya analolipiga sasa hivi, na vyote viwili vikarekodiwa upya hatua chache mbele kwenye tepu ileile. Hivyo mtu mmoja akawa bendi nzima, na Mary Ford, mkewe, akaimba na sauti zake mwenyewe.

Ilikuwa kazi ya roho mkononi. Kila safu mpya iliiua ya zamani. Mary akikosea neno moja kwenye safu ya mwisho, safu zote zilizotangulia zimekwenda na wanaanza tena kutoka sifuri. Kwa kuwa kila safu ilichakaa kidogo kwa kunakiliwa, walianza na vyombo visivyo na uzito mkubwa, wakamalizia na vile ambavyo msikilizaji atavitega sikio. Wimbo wao "How High the Moon" wa mwaka 1951 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tisa.

Hatua iliyofuata ilifanywa na Ampex yenyewe, ikimfuata Les Paul. Tepu ya njia nyingi ilikuwa na kikwazo: kichwa cha kusoma kiko mbali kidogo na cha kurekodi, kwa hiyo mwanamuziki anayefuata rekodi ya zamani angechelewa nyuma yake. Ross Snyder wa Ampex alipendekeza kichwa cha kurekodi chenyewe kigeuzwe kuwa cha kusoma kwa njia zile ambazo hazirekodiwi, kwa swichi na ampilifaya za ziada. Sauti iliyosomwa hivyo haikuwa nzuri sana, lakini ilikuwa katika wakati sahihi, na hilo ndilo mwanamuziki alilolihitaji. Mwaka 1957 Les Paul alipokea mashine ya njia nane kwa dola 10,000. Namna karibu zote za kurekodi muziki leo, kila chombo peke yake na kwa siku yake, zinatokana na swichi ile.

Skrubu ndogo, na kile kilichobaki kwenye tepu

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu maonyesho ya Ufa-Palast. Shirika hilo likawa Tanganyika Broadcasting Corporation, na mwaka 1965 likawa Radio Tanzania. Kwa miongo iliyofuata studio zake ndizo zilizozirekodi bendi za dansi na vikundi vya taarabu kwa wingi kuliko mahali popote nchini: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na wengine wengi, wote kwenye tepu ya robo inchi.

Popote tepu hiyo ilipotumika, mtetemo wa masafa ya juu haukuwa kitu cha kuwekwa kiwandani na kusahauliwa. Kila aina ya tepu inataka kiasi chake. Ndani ya mashine ya kituo cha redio mna skrubu ndogo za kurekebishia, na fundi hurekodi mlio, akaigeuza skrubu hadi sauti inayorudi ifike kileleni, kisha akaivusha kilele kidogo. Kiasi kikiwa kidogo, mchakacho na upotofu hurejea. Kikizidi, sauti nyembamba za matoazi na "s" za waimbaji hufifia. Rekodi ya zamani yenye matoazi angavu ni kazi ya mpiga ngoma, na pia ya fundi aliyeishika bisibisi asubuhi ile.

Mabaki ya mtetemo huo yapo bado juu ya tepu. Ampilifaya ya kawaida huyachuja, kwa kuwa hayasikiki. Mhandisi wa Marekani Jamie Howarth, kwa mfumo wake wa Plangent Processes, alifanya kinyume: aliweka vichwa na ampilifaya zinazofika masafa ya juu kabisa, ili mtetemo ule usomwe pamoja na muziki. Kwa kuwa ulitolewa na saketi yenye masafa yasiyobadilika, kila unapoonekana kuyumba ni mashine iliyokuwa ikiyumba mwendo siku ya kurekodi. Kompyuta hupima myumbo huo na kuunyoosha muziki kwa kiasi hichohicho. Albamu saba za mwanzo za Bruce Springsteen zilisafishwa kwa njia hiyo kwa ajili ya mkusanyo uliotolewa mwaka 2014.

Njia hiyo inagusa maktaba zote za redio, pamoja na ile ya Radio Tanzania ambayo TBC, shirika la utangazaji la Tanzania la leo, imeirithi. Tepu ikihamishiwa kwenye kompyuta kwa mtambo wa kawaida, mtetemo wa masafa ya juu haumo katika faili, na hakuna programu itakayoweza kuurudisha. Atakayeutaka itambidi aiweke tepu ileile tena kwenye mashine. Kwa hiyo baada ya kazi ya kuhamisha kukamilika, tepu inastahili kurudishwa rafuni, mahali pakavu pasipo joto, na saketi ya kuisomea itunzwe pamoja nayo.